Alhamisi ya Jina la Kuazima

Emil Brandau alikuwa mtu wa kuchuchumaa, na hilo si tusi, ndiyo kazi iliyomlisha. Katika kiwanda cha matofali cha Harbach, mji mdogo wa Ohio ambao vumbi lake jekundu liliingia mpaka kwenye mikate, yeye alikuwa mpangaji wa tanuri. Aliingia ndani ya tanuri lililopoa, akayapanga matofali mabichi safu juu ya safu, akiacha mianya ya moto kupita. Baba yake, Mzee Konrad, aliifanya kazi hiyo kabla yake, kisha akapandishwa kuwa mchungaji wa moto, na kule kuchungulia kwenye tundu la tanuri miaka nenda miaka rudi ndiko kulikomharibu macho. Sasa aliwaona watu kama wanavyoonekana nyuma ya kioo chenye mvuke.

Mzee ndiye aliyemfundisha Emil kuinama. "Usipinde mgongo, pinda magoti," alikuwa akimwambia. "Kalia visigino, kifua mbele, kichwa juu. Mgongo umepewa mmoja, na duka la kuuza mwingine sijaliona." Emil alikuwa na mke na mvi mbili tatu, na bado aliambiwa hivyo kila asubuhi kana kwamba ndiyo kwanza aanze kazi.

Basi mwaka ule baada ya vita vya Ulaya pombe ikapigwa marufuku, na Roscoe Tubbs, aliyekuwa na baa kubwa kuliko zote Harbach, akabaki anauza soda kwa wanaume walioitazama soda kama dawa ya minyoo. Mtu wa namna ya Roscoe akikosa shughuli ni balaa kwa mji mzima. Roscoe akaanzisha timu ya mpira, ule wa Kimarekani wa kukumbatiwa kifuani na kugombewa na watu ishirini na wawili kama mkate wa mwisho. Tena akasema wachezaji watalipwa, jambo ambalo Harbach halikuwa limesikika. Wapangaji wa tanuri wakajiandikisha karibu wote. Emil akapewa nafasi ya katikati ya mstari. Mtu wa katikati huinama juu ya mpira, huurusha nyuma kupitia miguuni mwake, halafu hukanyagwa. Wengine hukimbia na kushangiliwa. Yeye hukanyagwa, anainuka, anainama tena.

Msimu huo wa kwanza ulimchosha Emil kuliko tanuri. Uwanja ulikuwa malisho ya muuza maziwa, na ng'ombe hawakuwa wamearifiwa. Mpira ulikuwa mmoja tu, na ulipoanguka kwenye bwawa la udongo, mazoezi yalisimama mpaka upepo uusukume ukingoni. Roscoe, ambaye hakuwahi kuucheza mchezo huo, alibadilisha mbinu kila alipoota ndoto. Na kibaya zaidi ya vyote walikuwa wageni. Timu ikifungwa, Roscoe aliagiza mtu kutoka mbali aje na treni ya Jumamosi, acheze Jumapili, achukue chake, aondoke. Kwa kuwa watu hao walikuwa na vyuo, au wake, au timu nyingine, hakuna aliyetaja jina lake la kweli. Waliitwa Smith. Kila timu ya Ohio ilikuwa na Smith wake. Smith wa Harbach alikuwa mrefu Jumapili moja, Jumapili iliyofuata akawa mfupi mwenye masharubu, na Jumapili moja hakuja kabisa, Roscoe akalia kama aliyefiwa.

"Timu ya Harbach gani hii," Emil alimlalamikia mkewe Della, "wakati mtu pekee wa Harbach uwanjani ni mimi na ng'ombe?"

"Ng'ombe angalau anajulikana kwa jina lake," Della akasema.

Emil angekwisha kuacha zamani, ila kulikuwa na jambo moja. Alitaka baba yake aje kumwona akicheza, mara moja tu. Mzee Konrad hakuwa mtu wa kusifu. Alipokuwa mkuu wake tanurini alipita kwenye safu alizopanga Emil, akazigusa kwa kiganja, akaenda zake, na mama yake Emil ndiye aliyekuwa akimweleza jioni kwamba kule kwenda zake ndiko kusifu kwenyewe. Sasa mama alikuwa kaburini na hakuna aliyebaki wa kutafsiri. Emil alichoka kubahatisha. Alitaka neno moja kutoka kinywani mwa yule mzee, na aliona aibu kulitaka, mtu mzima kama yeye, na ile aibu nayo ikawa inamkera.

Lakini Mzee Konrad alikataa katakata. "Jumapili ni ya kanisa na usingizi," alisema. "Siku mtakayocheza siku nyingine, nitakuja."

Na siku nyingine ilikuwa moja tu. Alhamisi ya Sikukuu ya Shukrani, mchezo wa mwisho wa msimu, Harbach na Ashby, mji wa jirani ambao Harbach waliuchukia kwa sababu ambazo hakuna aliyezikumbuka vizuri. Emil akamkumbusha mzee ahadi yake. Mzee akaguna, na siku zile za mwisho akampa Della koti lake la kanisani alipige brashi. Emil alipoliona lile koti limetundikwa karibu na jiko, alienda kazini akipiga mluzi, mpaka wenzake wakamwuliza kama ni mgonjwa.

Jumatano jioni, mzee akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, Roscoe Tubbs akaingia jikoni kwa Emil bila kubisha hodi. Nyuma yake alikuwapo kijana mmoja mwenye koti zuri na mabega mapana, aliyetazama chini muda wote.

"Emil, ndugu yangu," Roscoe akasema, "hivi kila siku unazidi kupendeza."

"Sema kilichokuleta."

"Huyu bwana anasoma chuo kikubwa huko mashariki. Mbio zake, achana nazo. Lakini wakijua amecheza kwa malipo wanamfukuza chuo. Kwa hiyo hawezi kutumia jina lake."

"Mwite Smith. Si ndio mtindo wako."

"Smith amechuja. Ashby wameniwekea sharti kwamba kesho wacheze wale wale tulioanza nao msimu. Smith nimemwingiza kwenye orodha kwa kubembeleza, kwa sababu na wao wana Smith wao. Lakini Smith akianza kukimbia na mpira, watapiga kelele kabla hajafika popote, mchezo uvunjwe tupoteze. Wanataka mtu mwenye nyumba, mwenye baba, aliyezaliwa hapa." Roscoe akamsogelea Emil. "Wanataka Brandau."

Emil alimtazama. "Brandau yupi?"

"Ndiyo tunazungumza."

"Kwa nini mimi? Wako wengine."

"Kwa sababu sura yako haijulikani, Emil, usikasirike. Msimu mzima umeinama. Ashby walipokuja kutuchungulia waliuona utosi wako, basi."

"Na mke naye anaazimwa," Della akauliza kutoka kwenye sufuria zake, "au ni jina tu?" Kijana wa chuo akawa mwekundu kama tofali lililoiva.

"Na mimi kesho nitakuwa nani?" Emil akauliza.

"Wewe utapumzika. Utakaa benchi na blanketi, kofia usoni."

Damu ilimpanda Emil kichwani. Alimwambia Roscoe mambo ambayo hayaandikiki. Alimwambia kwamba baba yake anakuja kesho, kwamba ameisubiri siku hiyo tangu msimu ulipoanza, na kwamba Roscoe arudi akauze soda yake. Roscoe hakubishana. Aliufungua tu mlango. Pale kwenye ngazi walikuwa wamesimama wenzake Emil wa tanurini, wale wale walioachwa benchi kuwapisha akina Smith, kofia mikononi. Kila mmoja alikuwa ameweka dau Harbach ishinde, na yupo aliyeweka mpaka makaa yake ya majira ya baridi. Hawakusema kitu, na hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote za kumwomba mtu.

Emil akakubali. Roscoe akamwapisha asimwambie yeyote, na hasa asimwambie mzee, kwa kuwa Mzee Konrad akiulizwa kitu hujibu kweli, huo ndio ulikuwa ugonjwa wake.

Asubuhi Emil akajaribu njia iliyobaki.

"Baba, leo baridi ni kali sana."

"Nina koti."

"Uwanja wote ni matope."

"Nina buti."

"Na watu wanasukumana kule, usipime."

Mzee akamgeuzia yale macho yake ya mvuke. "Msimu mzima unanililia nije. Leo nimenyoa ndevu, nimevaa, unanifukuza. Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, Baba."

"Basi twende."

Kule uwanjani Clem Yost, kinyozi wa mji, alimletea mzee kiti kutoka dukani kwake, akamketisha mstari wa mbele, akampa karanga. Ng'ambo ya pili, Emil alikaa benchi amejifunika blanketi mpaka puani. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, na baada ya dakika chache wachezaji wote walikuwa rangi moja, kofia za ngozi zimewafunika masikio, hutambui nani ni nani. Tena mtu aliyeweka dau haangalii sura, anaangalia mpira. Roscoe alikimbia pembeni ya uwanja na bomba la bati mdomoni, akiutangazia umati nani amefanya nini, na mwongo huyo hakuwahi kufurahia kazi kama siku ile.

"Brandau ameuchukua! Brandau anakwenda! Brandau amevuka!"

Kijana yule alikuwa na mbio kweli, hilo Emil hakulikana. Aliwapita Ashby kama watu waliosimama kungoja treni. Na kila alipowapita, Harbach nzima ililia "Brandau, Brandau," wanawake, wazee, mchungaji wa kanisa na muuza maziwa. Emil hakuwahi kulisikia jina lake katika vinywa vya watu wengi namna ile, na siku lilipotajwa halikuwa lake. Alikaa pale amekunja ngumi ndani ya blanketi. Alimkasirikia Roscoe, akamkasirikia yule kijana, akawakasirikia wenzake na makaa yao, lakini zaidi alijikasirikia mwenyewe, kwa sababu kulikuwa na sehemu ndani yake iliyofurahi kusikia.

Ng'ambo, watu walikuwa wakimpiga mzee mgongoni kwa pongezi. Emil aliona mzee akitikisa kichwa na kusema kitu, na watu wakicheka. Ikatokea tena, na tena. Hakusikia kinachosemwa. Alidhani mzee anawaambia upuuzi wake wa kawaida, kwamba watu wazima wamekosa kazi.

Karibu na mwisho, Harbach wakiwa mbele kidogo tu, kijana wa chuo akasimama ghafla katikati ya uwanja na kutoa macho. Katika umati wa Ashby, chini ya mwavuli, alikuwa amemwona mwalimu wake wa Kilatini, aliyekuja kula sikukuu kwa dada yake. Kijana hakungoja. Alijiangusha hapo hapo bila kuguswa na mtu, akashika mguu, akapiga ukelele, na watu wakambeba nje uso umefunikwa taulo kama maiti. Kabla hawajamweka chini alikuwa ameuliza treni inaondoka saa ngapi.

"Brandau ameumia," Roscoe akatangaza kwa huzuni kubwa, halafu akaja mbio kwenye benchi. "Ingia."

"Kwa jina gani? Brandau ameumia, nimesikia kwa masikio yangu."

"Ingia Smith."

"Roscoe, nikivunjika shingo, kwenye kaburi utaandika Smith?"

"Usivunjike. Inama tu, ndiyo kazi yako."

Emil alilitupa blanketi. Mchezo wa pekee ambao baba yake amekuja kuutazama, na yeye anaingia kwa jina la mtu asiyekuwapo. Akaenda kusimama katikati ya mstari, na kwa hasira hakusikia baridi wala mvua.

Ashby, walipoona yule mkimbiaji ameondoka, walipata nguvu mpya. Wakasukuma, wakasukuma, mpaka mstari wa mwisho wa Harbach ukawa nyuma kidogo tu ya visigino vya Emil. Walikuwa na jitu moja la kiwanda cha karatasi, na safari ya mwisho wakampa yeye mpira. Lilikuja moja kwa moja katikati, kichwa chini, kama gogo linaloteremshwa mlimani. Wenzake Emil, waliochoka, wote walikuwa wamepinda migongo, na jitu likawafagia. Emil alikalia visigino, kifua mbele, kichwa juu. Alilipokea jitu tumboni, akanyoosha magoti polepole kama anayeinua ubao wa matofali, akalinyanyua na mpira wake, akaliweka chini pale pale lilipotoka. Filimbi ikalia. Mchezo ulikuwa umekwisha, na Harbach wameshinda.

"Smith," Roscoe akatangaza, huku pumzi zimemwishia. "Smith amemzuia."

Watu waliuliza ni Smith yupi huyo, kisha wakakimbilia kumtafuta Brandau. Emil, chini kwenye matope, aligeuza shingo akatazama kilipo kile kiti. Mzee alikuwa amesimama. Alikuwa amenyoosha mkono akionyesha uwanjani na kusema kwa nguvu, na waliomzunguka walikuwa wanajishika mbavu. Clem kinyozi alimvuta koti akamketisha kama mtoto. Emil aliwachukia wote wakati ule. Alidhani wanamcheka mzee wa watu kwa sababu mwanawe ametolewa amebebwa.

Jioni wanaume wote walijazana kwa Clem, kwa kuwa baa haikuwa baa tena. Emil alilazimika kwenda, na kwenda akichechemea, maana Brandau ameumia. Alichechemea mguu wa kushoto, watu wakampa pole ya mguu wa kulia, ikabidi ahamie huko. Wakamvika kilemba cha ukoka mpaka shingo ikamuuma.

"Nimekunyoa nywele tangu hujaoa," Clem akasema, "sikujua una mbio zile. Ulizificha wapi?"

"Tanurini," Emil akajibu, amekunja uso.

"Ila mzee wako, ndugu yangu, pole sana. Macho yamekwisha kabisa yale."

Emil akamgeukia. "Kwa nini?"

Clem akawageukia wenzake, akijifuta machozi ya kicheko. "Kila ulipokimbia tukimwambia, Mzee Konrad, hongera, mwanao huyo. Anasema, si wangu huyo. Wangu hajawahi kukimbia, hata ghala lilipoungua alikwenda anatembea. Tunamwambia, mzee, ni Brandau, si unasikia? Anasema, nasikia, lakini si wangu. Haya, unaumia, tunamwambia mwanao amevunjika mguu anabebwa. Unajua alisema nini? Alisema, pole yake, akaendelea na karanga."

Duka zima likacheka. Wapangaji wawili wa tanuri, waliokuwa kwenye siri, hawakucheka. Walitazama viatu vyao.

"Subiri, bado. Mwishoni anaingia yule Smith, sijui wamemwokota wapi. Mzee anakaa wima. Ananiuliza, nani ameingia? Namwambia Smith. Anasema, Smith gani, yule kainama kwa magoti. Yule ndiye wangu. Na alipolizuia lile jitu, mzee akasimama akaanza kuwapigia watu kelele, mnaona, yule ndiye wangu, hivyo ndivyo anavyoinama, nimemfundisha mwenyewe. Anadai mtu wa treni kuwa mtoto wake, Emil, na wewe umelala na mguu wako. Nilimwonea huruma, haki ya Mungu."

Watu walimtazama Emil waone kama atacheka. Roscoe, kule pembeni, alikuwa amegandisha chupa ya soda mdomoni. Emil alikuwa na neno moja tu la kusema na lingewafunga midomo wote, na kesho Ashby wangelisikia, na makaa ya watu yangekwenda.

"Mzee amezeeka," akasema. Hakuna sentensi iliyowahi kumpa tabu kuitoa kama hiyo. Akachukua kofia, akatoka, na alifika kona ya kanisa ndipo akakumbuka kwamba hachechemei.

Nyumbani Della alikuwa ameshaandaa meza, bata mzinga katikati, na kabichi ya kuchachusha pembeni. Mzee Konrad alikuwa amekwisha kaa, koti la kanisani limerudi msumarini. Emil alinawa mikono, akaketi mbele yake, akatafuta pa kuanzia.

"Baba," akasema, "kuhusu leo."

"Chakula kinapoa," mzee akasema.

Wakala. Della alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akawaongezea kabichi. Mzee alikata nyama yake taratibu kwa kupapasa, akaonja, akatafuna, kisha akanyoosha mkono mtupu juu ya meza kuelekea kwa mwanawe.

"Smith," akasema, "nisogezee chumvi."

Emil akamsogezea chumvi, na haradali pia, ambayo mzee hakuiomba.